Bei Haina Sikio



Nawaandikia nyinyi mlioko Mwanjelwa, Soweto na Uyole kule Mbeya, na nyinyi mlio karibu nami hapa Iringa, Kihesa na Mtwivila, ambao mmeingia katika mapenzi ya hedifoni za bei kubwa. Najua mpo na najua mnaongezeka. Mmoja anakusanya za Kijerumani, mwingine za Kijapani, mwingine amejaza rafu nzima ukutani na bado kila mshahara ukitoka anaagiza nyingine. Baadhi yenu mmenijia na maboksi mikononi, mkitaka mzee aliyetengeneza redio maisha yake yote awaambie ipi ni nzuri kuliko zote. Jambo hili nimelieleza kwa mdomo, kwa mmoja mmoja, hadi sauti imenikauka. Nimeona niliandike, mlisome kwa nafasi, na atakayetaka kubishana nami aje akiwa amelisoma hadi mwisho.

Neno langu ni moja. Lijue sikio lako kwanza, ndipo utoe fedha. Bei inaweza kukuonyesha chombo kimeundwa kwa nini na kimetoka wapi, lakini haijui wewe unapenda nini. Anayenunua kabla ya kulijua sikio lake atanunua tena na tena, kwa kuwa hajui anachokitafuta, na hata akikipata hatakitambua.

Msinielewe vibaya. Wapo wazee wenzangu wanaosema kupenda sauti nzuri ni upuuzi wa vijana, kwamba fedha hizo zingenunua mbolea. Mimi simo katika hao. Watu wa nyanda hizi hawakuanza leo kuigharamia sauti. Matangazo ya redio yalipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, huku kwetu redio ilikuwa ya wachache sana. Baadaye ikaja Radio Tanzania, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ikaweka kiwanda Dar es Salaam, tukaanza kupata redio na betri zenye jina la National zilizotoka humu humu nchini. Mtu aliyeuza mahindi au pareto yake vizuri alinunua redio kabla hajanunua godoro. Ilikaa mezani sebuleni, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na mawe ya betri yakianza kuchoka yalianikwa juani ili yapate nguvu kidogo ya kusikilizia taarifa ya habari ya usiku. Kwa hiyo mapenzi yenu nayafahamu yalikotoka.

Lakini angalieni tofauti moja. Gharama ya redio ile iligawanywa kwa masikio mengi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima, vikundi kwa vikundi mbele ya redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Chombo kimoja kilifanya kazi ya kijiji. Hedifoni ni ya kichwa kimoja. Hilo halina ubaya, ila hesabu yake ni nyingine: kila shilingi uliyoiweka pale, ni wewe peke yako wa kuirudisha kwa saa unazokaa ukisikiliza. Hedifoni inayolala ndani ya boksi, hata iwe bora namna gani, hairudishi kitu.

Sasa tuseme juu ya ladha yenyewe, maana hapo ndipo wengi wenu mnapotea.

Hapa Iringa tulikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi. Miaka ya 1980 pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa waliimba humo, na nyimbo zao zilirushwa na Radio Tanzania zikasikika kuanzia hapa hadi mipakani. Rekodi za bendi zetu nyingi za wakati ule zilichukuliwa studio za redio, bendi nzima imesimama, wimbo ukapigwa kwa mkupuo mmoja mwanzo hadi mwisho. Mtu akikosea, mnarudia wote. Sikilizeni rekodi hizo kwa hedifoni safi, mtasikia mambo ambayo redio ya mezani ilituficha: gitaa la ridhimu linavyotembea kwa utulivu chini ya solo, besi inavyoingia kidogo baada ya ngoma, pacha wawili wanavyopokezana pumzi, na namna wimbo unavyobadilika ukifika kwenye chemko. Nilipoyasikia hayo nilifurahi sana. Hiyo ndiyo kazi halali ya chombo kizuri, na mtu akinunua kwa ajili hiyo sitamlaumu.

Ila chombo hakiwezi kukupa kile ambacho utepe haukukinasa. Wengi wenu nyimbo hizo mmezipata kwa kurushiana kwenye simu, zimebanwa na kubanwa tena hadi matoazi yanalia kama mchanga kwenye bati. Kisha mnaweka hedifoni ya mamilioni juu ya faili hilo na kushangaa kwamba haina raha. Hedifoni nzuri ni mkweli. Ukiipa uchafu itakuonyesha uchafu wote. Kabla ya kubadilisha chombo, tafuteni nakala iliyo nzuri zaidi ya wimbo mnaoupenda. Mara nyingi tiba iko hapo, na haigharimu hata robo ya kile mlichokusudia kutoa.

Tena ladha za watu hazifanani, wala muziki wanaousikiliza haufanani. Anayependa bongofleva na singeli anataka besi inayogonga. Anayesikiliza kwaya anataka sauti za binadamu zikae mbele, kila sauti na mahali pake. Anayependa ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe yenye sauti ya chini na ya taratibu, anataka utulivu, maana kelele kidogo tu inalifunika. Wahehe walirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake, na rekodi zake zimehifadhiwa hadi leo Afrika Kusini. Mtu anayetaka kuzisikiliza hizo hahitaji chombo kile kile anachokihitaji kijana wa singeli. Sasa nikikuta wote wawili wameagiza hedifoni moja kwa sababu tu ndiyo inayosifiwa na ndiyo ya bei ya juu, najua angalau mmoja wao ametupa fedha.

Wataalamu nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha utafiti wa vipimo vya hedifoni 283, akitazama namna kila moja inavyotoa sauti nene na nyembamba, kisha akalinganisha na bei ya dukani. Hakuona uhusiano kati ya viwili hivyo. Ya bei kubwa na ya bei ndogo zilipinda kila moja kwa namna yake. Kabla yake, Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman waliwasikilizisha watu wa Marekani, Canada, Ujerumani na China bila kuwaonyesha wanasikiliza chapa gani. Wengi walipenda sauti za namna inayokaribiana, iliyosawazika, ingawa umri na uzoefu ulibadilisha kiasi cha besi ambacho mtu alikitaka. Jina lilipofichwa, sikio lilisema lenyewe. Lizingatieni hilo wanangu, kwa sababu ninyi mnasoma jina na bei kwanza, kisha mnaliamuru sikio likubali.

Je, bei kubwa basi ni wizi? Hapana. Inalipia vitu vya kweli. Sennheiser ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1945, ilitoa HD 600 mwaka 1997 na HD 800 mwaka 2009, na kila moja ina ufundi wake. Focal ya Ufaransa ilitoa Utopia mwaka 2016 kwa takriban dola 4,000, na kiwambo chake kimetengenezwa kwa beriliamu, madini mepesi na magumu, ambayo kuyafanyia kazi ni shida. Stax ya Japani tangu mwaka 1960 imekuwa ikitengeneza za namna nyingine kabisa: utando mwembamba sana uliotundikwa kati ya sahani mbili zenye matundu, ukichajiwa umeme wa volti mamia, na lazima uwe na amplifaya yake maalumu. Juu kabisa ipo HE 1 ya Sennheiser, inayouzwa zaidi ya dola 50,000 pamoja na amplifaya yake ya marumaru. Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, hizo zinavuka milioni 125. Ufundi upo, sibishi. Ninachobisha ni kudhani kwamba ukipanda ngazi ya bei, furaha nayo inapanda kwa kipimo kile kile. Kutoka hedifoni mbovu ya barabarani hadi moja ya heshima, utasikia tofauti kubwa. Baada ya hapo kila hatua inakudai fedha nyingi zaidi kwa tofauti ndogo zaidi, na hatua za mwisho zinataka sikio lililofunzwa ili hata kuzitambua.

Na bei ya kwenye boksi si bei yote. Hedifoni kama HD 600 ina ukinzani wa omu 300. Simu nyingi zitaiendesha kwa kunong'ona. Utataka amplifaya. Ukishapata amplifaya utaambiwa simu yako haibadilishi vizuri namba kuwa sauti, utataka mtambo wa kufanya hivyo. Kisha waya. Kisha sponji za masikio, maana zinachakaa na kukatika. Ukiagiza nje kuna usafiri, kuna ushuru wa forodha, na kuna VAT ya asilimia 18. Ukinunua mkononi kwa mtu, kuna hatari ya feki, na bei kubwa haithibitishi kuwa mzigo ni halisi. Andika vyote hivyo kwenye daftari kabla hujatoa senti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nimeona vijana wenye kazi nzuri ambao hawajui kabisa rafu ile imewagharimu kiasi gani. Wanajua bei ya kila moja. Jumla hawataki kuijua.

Lipo pia jambo la mahali tunapoishi, ambalo wauzaji wa mbali hawalijui. Hedifoni nyingi zinazosifiwa ni za mgongo wazi. Sauti inapumua, ndiyo, lakini ya nje inaingia na ya ndani inatoka. Zimekusudiwa chumba kimya. Sasa nenda Tukuyu wakati wa mvua, mahali panaponyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ukae chini ya bati usilolitandikia dari, uvae hedifoni hiyo ya mamilioni. Utasikiliza bati. Au panda nayo basi kutoka Ipogolo hadi Uyole: utasikiliza injini, na jirani yako atasikiliza wimbo wako. Mwenye chumba cha kupanga ukuta kwa ukuta na wenzake, au anayesikiliza zaidi akiwa safarini, ya mgongo uliofungwa na ya bei ya kati itamfaa kuliko ya wafalme. Na wewe wa bodaboda unayeshuka Iwambi au unayepita Kitonga umeziba masikio yote mawili, hata usiniulize ipi ni nzuri. Vua. Roli linalokuja nyuma yako ndilo unalopaswa kulisikia.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe wa kukusanya. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakumaanisha kwamba majembe yote ni sawa. Udongo wa Iringa unaoshikamana ukikauka na udongo mweusi laini wa Rungwe havilimwi kwa mpini na bamba la namna moja, na mkulima makini huchagua. Lakini huchagua mara moja, kisha huinama. Yule ambaye msimu mzima yuko dukani akigonga majembe asikie mlio wake, mvua itamkuta hajapiga tuta. Ndivyo ninavyowaona baadhi yenu. Jioni nzima mnasoma sifa za hedifoni ijayo. Iliyopo imevaliwa kwa dakika chache, tena kwa vipande vya nyimbo, kupima tu kama besi inafika. Albamu nzima hamjaisikiliza tangu Krismasi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Unyemi ukiisha mnaagiza kingine, na kile cha juzi kinauzwa kwa hasara.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Sioni uchungu kwa fedha zenu peke yake. Nasikitika kwamba mmeanza kwa kuupenda muziki na mmeishia kuupenda ununuzi, na wengi hamjagundua siku mlipovuka. Na ukikopa ndiyo unavuka kabisa. Fedha ya kikoba ilichangwa kwa ajili ya ada, mbegu na maradhi. Mikopo ya kausha damu ya mtaani na ile ya haraka kwenye simu haijali kama umekopa kwa ajili ya dawa au kwa ajili ya starehe. Riba yake inatafuna namna moja. Chombo cha starehe kinunuliwe kwa fedha iliyobaki baada ya wajibu, na kama haijabaki, subiri. Kusubiri nako kunalifunza sikio, maana kunakulazimisha kuijua vizuri ile uliyo nayo.

Na hilo sikio lenyewe mnalichezea. Vinyweleo vidogo vilivyo ndani ya sikio, vinavyobadilisha mtikisiko kuwa sauti tunayoielewa, vikifa havioti tena. Kijana mwenye afya husikia kuanzia herzi 20 hadi karibu 20,000. Umri unapunguza taratibu zile za juu. Mimi leo ncha ya matoazi siisikii tena, na nimelikubali hilo kwa kuwa ni uzee. Wewe wa miaka 24 ukilipunguza kwa mikono yako utajibu nini? Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni 1, wa miaka 12 hadi 35, wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa kusikiliza kwa sauti ya juu. Kipimo chao ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukipandisha hadi 90, saa hizo zinashuka hadi 4 tu. Mwaka 2022 biashara ya hedifoni za Sennheiser ilichukuliwa na Sonova ya Uswisi, kampuni inayotengeneza vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Nataka kijana wangu abaki upande wa kwanza wa duka hilo kwa miaka mingi.

Basi fanyeni hivi. Chagueni nyimbo chache mnazozijua mno, ambazo mngeweza kuziimba usingizini. Azimaneni hedifoni, mko wengi na kila mmoja ana rafu, hamna sababu ya kila mtu kununua kila kitu. Mwenzako akuvalishe umefumba macho, sauti zisawazishwe zilingane, kwa sababu iliyo juu kidogo hudhaniwa ni nzuri zaidi hata kama siyo. Andika ulichosikia kabla hujaambiwa jina. Kabla ya kununua nyingine, chezea ekwalaiza iliyo kwenye simu yako. Besi iliyozidi hupunguzwa kwa kidole, bila kuagiza mzigo Dubai. Ukinunua, nunua ambayo sponji, waya na vipuri vyake vinapatikana, ili fundi wa hapa hapa aweze kuifufua. Na zile usizozivaa, ziuze au mpe mdogo wako anayejifunza gitaa kanisani. Atazitumia kuliko wewe.

Kisha baki na moja. Anza nayo mvua za kwanza za Novemba, uende nayo hadi mahindi yavunwe, usikilize nyimbo nzima, albamu nzima, usiku simu ikiwa imezimwa taarifa zote. Msimu ukiisha njoo Iringa unieleze ulichosikia. Atakayekuja na hedifoni moja tu, akaweza kunieleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini anaipenda na wimbo gani ulimfanya aipende, huyo nitamwita mjuzi wa sauti, hata kama bei yake ilikuwa ya chini kuliko za wenzake wote.